Kahawa Niliyokunywa kwa Shemeji Fawaz

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama mbele ya meza ya kupigia pasi, suruali yangu ya pekee ya heshima ina tundu la ukubwa wa kiganja pale gotini, na wazee wananipigia honi nje. Aliyelikosa gazeti hilo hajakosa kitu. Ajue tu kwamba mke wangu Nuha amerudi kwao, mjini Salt, tangu mwezi wa sita, kwamba mke akirudi kwao kwa hasira anafuatwa na jaha, yaani wazee wa kwenda kumwomba, na kwamba mimi, Abu Ghaith, fundi bomba wa mtaa wa Jabal Nuzha, Amman, sijawahi kupiga pasi nguo ikabaki nguo.

Ajue na jambo jingine. Huyo Ghaith hayupo. Jina hilo la baba wa Ghaith nilipewa na watu siku ya harusi, tukingoja mtoto aje alichukue, na miaka kumi na tisa imepita hakuja. Nyumbani tulikuwa watatu tu: mimi, Nuha, na mama yake, Hajati Wadha, mpaka Mungu alipomchukua Hajati mwezi wa nne.

Katika sehemu ya kwanza niliwaambia kwamba Nuha aliondoka kwa sababu ya kitasa cha mlango wa choo. Kilimbakia mkononi. Akakitazama, akakiweka mezani mbele yangu bila neno, akaenda kufunga begi. Tangu hapo mmeniandikia barua nyingi za huruma, na bwana mmoja wa Zarqa amenitumia kitasa kipya kwa posta. Namshukuru sana. Lakini leo nitasema kitu ambacho nilikuwa nawaficha hata ninyi, na akimaliza kusoma, bwana yule ana haki ya kukitaka kitasa chake.

Basi, suruali.

"Vaa kanzu yangu," akasema binamu yangu Munir, tulipopita kwake.

Munir ni mfupi. Kanzu yake ilinifika chini kidogo ya magoti.

"Nimekuwa kama mtoto wa chekechea," nikamwambia.

"Ukikaa haionekani. Na wewe leo kazi yako ni kukaa." Kisha akanivuta mezani. "Njoo ule kwanza. Huwezi kwenda kuomba mke na tumbo tupu."

Mke wa Munir alikuwa ametutengea jibini ya chumvi, zeituni, na achari ya figili. Nilikula kama mtu ambaye mkewe ameondoka. Maji sikunywa, kwa sababu ilikuwa Ijumaa, na mtaani kwao maji yanakuja mara moja kwa wiki, Jumamosi. Tangi lao lilikuwa linakohoa tu. Kumbukeni hiyo achari.

Tulikuwa watu kumi na watatu. Kumi na mmoja walipanda basi dogo la rafiki yake Munir. Kwenye gari langu nilimchukua mkubwa wa msafara, Haji Dhaifallah.

Haji Dhaifallah ni mtu ambaye akiingia mahali, waliokaa wanavuta miguu. Amepatanisha watu waliomwagiana damu. Amerudisha wanawake ambao ndugu zao walikuwa wameapa kwa talaka kwamba hawarudi. Nilimbembeleza wiki tatu ndipo akakubali, na alikubali kwa heshima ya marehemu baba yangu.

Kiyoyozi cha gari kilikufa mwaka juzi. Dirisha la upande wake halishuki. Mwezi wa nane huo, jua la saa tisa, na Haji na joho lake.

Alipitisha kidole kwenye dashibodi, akakitazama.

"Gari lako lina vumbi, Abu Ghaith."

"Maji ya shida, Haji."

"Mbona kwenye mazishi ya mama mkwe wako lilikuwa linang'aa? Nakumbuka. Nilijiona uso kwenye mlango."

"Siku ile tulikuwa na wageni," nikasema, nikabadilisha gia bila sababu.

Tukaenda kimya mpaka njia panda ya Salt. Kisha akaanza kunifundisha, kama mtu anayemfundisha mgonjwa namna ya kumeza dawa.

"Kule ndani wewe una kazi moja. Kunyamaza. Uso uwe wa mtu anayejuta. Maneno ni yangu. Kahawa ikija, mimi nitaiweka chini, na kila mtu ataweka chini. Haiguswi mpaka shemeji yako Fawaz aseme, kunyweni kahawa yenu, mlichokuja kuomba mmepewa."

"Najua, Haji. Nimezaliwa hapa."

"Wote walioharibu mbele yangu walizaliwa hapa," akasema.

Nyumba ya akina Nuha iko juu kabisa. Gari linabaki barabarani, mtu anapanda ngazi. Nilizihesabu siku ya posa zikawa themanini na nane, na sidhani wamepunguza. Haji ana magoti mabovu. Mimi nilimsukuma kwa nyuma, Munir akamvuta kwa mbele, na kila tukipumzika Haji alisema, "Msijali, msijali," kwa sauti ya mtu anayejali sana. Tulipofika juu kanzu ya Munir ilikuwa imenigandama mgongoni, na ulimi wangu umekuwa kipande cha kitambaa.

Fawaz alitupokea mlangoni. Ni kaka yake mkubwa Nuha, sajini mstaafu, mtu mrefu, mashavu yamenyolewa mpaka yanauma kuyatazama. Alimbusu Haji bega. Akawasalimia wote mmoja mmoja. Mimi alinipa vidole vinne.

"Karibu, Abu Ghaith," akasema, akatazama miguu yangu, kuanzia pale kanzu ilipoishia. "Umeacha nguo yako wapi?"

"Kwa pasi, shemeji."

Hakucheka. Zamani alikuwa mtu wa utani. Iddi ya mwaka juzi alipokuja kwetu aliandika kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha nyuma cha gari langu: NIOSHE. Nilizunguka Amman siku mbili bila kujua. Ukoo mzima ulicheka, na mama mkwe alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi pia nilicheka. Nilicheka kwa mdomo.

Tukaketi kwenye magodoro ya ukutani, wao upande mmoja, sisi upande mmoja. Mkabala nami kulikuwa na mlango wa kuingia ndani, umerudishwa bila kufungwa. Nilijua Nuha yuko nyuma yake. Sikumwona wala sikumsikia, lakini mtu aliyelala na mtu miaka kumi na tisa anajua.

Fawaz mwenyewe alipita na dele la kahawa. Kahawa chungu, ya hiliki, chini kabisa ya kikombe kama inavyotakiwa. Haji akapokea, akakiweka mbele yake. Tukapokea, tukaweka. Vikombe kumi na vitatu kwenye zulia, kila kimoja kinatoa moshi wake mdogo.

"Kunyweni kahawa, jamaa," akasema Fawaz, kama kawaida.

"Kahawa yenu ni ya watu wakarimu," akajibu Haji, kama kawaida, "lakini sisi tuna haja, na hatuinywi mpaka..."

"Hik," nikasema mimi.

Haji akavuta joho lake. "...mpaka tupate jibu. Na haja yetu, enyi wana wa Hajati Wadha, Mungu amrehemu..."

"Amina," wakasema wote.

"Hik."

Ile achari, ile jibini, zile ngazi. Kwikwi ilinishika ya kunitingisha mabega. Munir akanifinya paja. Nikabana pumzi. Nikahesabu mpaka kumi na tano.

"...alikuwa mama wa wote," Haji akaendelea, na macho yake sasa yananiangalia. "Na binti yake ni binti yetu. Huyu kijana wetu amekosa. Anajua amekosa. Tazameni, hana hata..."

"Hik!"

Mmoja wa ndugu zake Fawaz akaweka mkono mdomoni. Joto likanipanda masikioni. Nikafikiri, Rajai, sasa utamharibia mzee maneno, fanya kitu. Rajai ndilo jina langu, siku hizi halitumiki.

Nikafanya kitu. Nikachukua kilichokuwa mbele yangu, nikakimimina kooni mara moja.

Kwikwi ikakoma. Nawaambieni, ilikoma kabisa, na kwa nusu dakika nilikuwa mtu mwenye furaha. Na mkono wangu, ambao umekunywa kahawa chungu tangu nina miaka saba, ukafanya wenyewe kile unachofanya kila siku. Ukakitikisa kikombe kulia na kushoto. Yaani nimeshiba, nimeridhika, sihitaji tena.

Kumi na wawili wa upande wetu walikuwa wanatazama kikombe changu. Upande wao vilevile. Nikakitazama na mimi. Ndipo nikajua.

"Afya, Abu Ghaith," akasema Fawaz polepole.

"Shemeji, hii haikuwa..."

"Mwenye haja amekunywa. Basi hana haja." Akamgeukia Haji kwa adabu yote. "Haji, mmetuheshimu sana kwa kututembelea. Nyumba imepata nuru. Tunywe kahawa, tuzungumze habari za mvua."

"Kikombe chenyewe kilikuwa na tone moja tu," Munir akajaribu. "Hata si kunywa huko, ni kulamba."

"Akakitikisa," akasema Fawaz.

"Mkono ulitetemeka! Mtu ana huzuni!"

Haji Dhaifallah alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa ameongezeka miaka.

"Nimekwenda kwa watu waliokuwa na bunduki magotini," akasema. "Nimekaa kwa saa nane nzima na kikombe mbele yangu, mdomo umekauka, damu ya mtu iko katikati. Hakuna aliyekunywa. Hakuna." Akaanza kuinuka, mkono mmoja juu ya kichwa cha Munir. "Shukeni. Hizi ngazi nilizipanda bure."

Niliona kila kitu kinaondoka. Jaha ya mtu kama yule ikikataliwa, hakuna mwingine atakayekubali kwenda. Haendi mtu kuokota pale Haji Dhaifallah alipoaibika. Nilijiona nimerudi Jabal Nuzha, nyumba ina harufu ya pasi, kitasa kipya kiko mezani kwenye karatasi yake ya posta, na hivyo ndivyo itakavyokuwa mpaka kufa. Nikataka kulia, nami najijua, nikitaka kulia huwa natoa mzaha. Nikaanza kuutafuta.

"Fawaz."

Sauti ilitoka nyuma ya mlango. Haikuwa kubwa. Haji akabaki hivyo hivyo, nusu amekaa, nusu amesimama.

"Naam, dada," akasema Fawaz.

"Mmiminie kingine."

"Nuha, mtu ameshakunywa. Utaratibu unajulikana."

"Cha kwanza kimenywewa na Abu Ghaith wa kila siku. Mimi namjua huyo. Mmiminie kingine, ukiweke mbele yake peke yake. Wazee wanisamehe. Haja ni yake, aiombe yeye."

Fawaz alimtazama Haji. Haji akashuka taratibu mpaka godoroni, akashusha pumzi, akanyanyua kidole kimoja. Basi ikawa ruhusa. Fawaz akaja, akanichukulia kikombe mkononi, akakijaza. Akakiweka mbele ya magoti yangu, yale yaliyokuwa wazi.

"Asikinywe," ikasema sauti ya Nuha, "mpaka aseme maji ya Jumapili ile yalikwenda wapi."

"Maji gani?" akauliza Fawaz.

Mimi nilijua maji gani.

Ninyi pia niliwaeleza, katika sehemu ya pili, na niliwaeleza uongo. Nilisema kwamba Jumapili ile aliyokufa Hajati Wadha tangi letu lilikuwa tupu kwa sababu koki ya boya, ile ya kuzuia maji tangi likijaa, ilikuwa mbovu ikamwaga maji yote paani. Mkacheka, fundi bomba na koki mbovu. Nilitaka mcheke. Hebu fikirini: fundi bomba akikubali dunia nzima ijue koki yake ni mbovu, ujue ukweli ulikuwa mchafu zaidi.

"Koki..." nikaanza.

Kimya nyuma ya mlango. Ni kile kimya chake. Alikuwa nacho tangu siku ya mazishi, nami siku zote hizo nilidhani ni msiba.

"Koki ilikuwa nzima," nikasema.

Fawaz akaweka dele chini.

"Nuha alikuwa ametoka kutafuta dawa ya Hajati," nikaendelea, nikizungumza na zulia. "Tangi lilikuwa na robo, na maji yetu yanakuja Jumanne. Wewe shemeji ukapiga simu kwamba mnakuja alasiri kumtazama mama, wewe na ndugu zako, na magari yenu. Nikatazama dirishani, nikaliona gari langu. Lile neno ulilolichora lilishafutika siku nyingi. Mimi bado nalisoma. Nikasema leo hamtanicheka. Nikaunga mpira wa maji, nikaliosha. Nikaliosha lote. Na magurudumu. Mpaka bomba likaanza kutoa upepo."

Hakuna aliyenitazama isipokuwa Fawaz.

"Milango saba," akasema. Sauti yake ya kijeshi ilikuwa imeondoka. "Nilibisha milango saba ya jirani zako. Mama yangu amelala, wanawake wamekunja mikono wanangoja maji ya kumwosha, na mimi niko barabarani na ndoo. Mwenye duka akanipa maji ya chupa, zile ndogo. Nilikaa kwenye ngazi yako nikafungua vifuniko arobaini na sita. Vidole vilitoka damu. Na wewe ulikuja ukakaa karibu yangu, ukanisaidia kufungua."

"Nilikusaidia," nikasema.

"Na unakumbuka ulisema nini?"

Nilikumbuka. Nilisema, Hajati kaoshwa kwa maji ya chupa, hata mawaziri hawalipati hilo. Wapo waliotabasamu, kwa kuwa msibani watu wanataka kitu cha kushika. Nilipogeuka, Nuha alikuwa amesimama mlangoni.

Fawaz akanyoosha mkono kukichukua kikombe. Haji hakumzuia. Munir mwenyewe hakumzuia, alikuwa anatazama upande wa gari, na gari halikuonekana kutoka pale.

"Kiache, Fawaz," akasema Nuha.

"Umesikia alichofanya?"

"Nilikijua siku ile ile. Tulikwenda makaburini mji mzima una vumbi, gari lake peke yake linang'aa. Mimi nimesoma, kaka. Nilikuwa nangoja aseme. Nikasema ataniambia kesho. Nikasema ataniambia siku ya tatu. Akanitengenezea mzaha wa koki, akaupeleka gazetini."

Nikainamisha kichwa. Haji Dhaifallah alikuwa anapitisha shanga za tasbihi, moja, moja.

"Lakini sikuondoka kwa sababu ya gari," akasema Nuha. "Wala kitasa. Kitasa nilikitoa mwenyewe, kilikuwa kinacheza tangu harusi. Siku ya arobaini Umm Raad, jirani yetu, alinishika mkono jikoni. Alikuwa anaanika nguo paani kwake Jumapili ile. Akaniambia mama alifungua dirisha. Akatoa mkono nje, akamwita Abu Ghaith mara mbili. Akamwambia kitu. Alisema maneno, si neno moja. Na Abu Ghaith akamjibu."

Sasa hata Fawaz alikuwa ananitazama kwa namna nyingine. Hakuwa sajini tena. Alikuwa mtoto wa mtu.

"Mimi niliporudi na dawa," sauti ya Nuha ikasema, na hapo ikaanza kuchoka, "aliniambia mama alikuwa amelala. Hakuamka, hakusema kitu, ameondoka usingizini. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, miye mjinga. Siku arobaini nilimshukuru Mungu." Akavuta pumzi. "Sitaki maji. Sitaki gari. Nataka maneno ya mama. Yeye ndiye mtu wa mwisho aliyemsikia. Akiyasema, anywe kahawa yake, na mimi nitachukua begi langu nishuke hizo ngazi pamoja naye. Begi liko tayari hapa. Haji awe shahidi."

"Nimeshuhudia," akasema Haji, na macho yake yalikuwa na maji.

Wote wakanigeukia.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hili sijamwambia mtu.

Ni kweli alifungua dirisha. Kitanda chake kilikuwa pale, na gari lilikuwa chini yake. Mimi nilikuwa nimeinama upande wa pili, mpira wa maji wazi mkononi, na maji yanapiga boneti kama mvua inavyopiga bati. Niliinua kichwa nikamwona. Nywele nyeupe, hana mtandio, mkono nje. Midomo yake ikacheza. Ikacheza kwa muda. Alikuwa anasema kitu kirefu, taratibu, kama mtu anayeagiza.

Na mimi ningeweza kuufunga mpira. Koki ilikuwa hatua mbili. Lakini maji yalikuwa yanakwisha, na sabuni ilikuwa bado iko kwenye milango.

"Sawa, Hajati! Sawa!" nikampigia kelele, nikampungia mkono.

Ndilo jibu nililompa. Alinitazama kidogo, akarudisha dirisha. Nilipoingia ndani nusu saa baadaye, mikono yangu inanuka sabuni ya gari, alikuwa amekwenda.

Sikusikia hata neno moja. Labda alitaka maji. Labda alimtaka Nuha. Labda alisema, kijana, unapoteza maji. Nimeyaweka mdomoni mwake maneno mengi tangu siku ile, nikiwa kwenye mabomba ya watu, chini ya masinki, nayo hayakai.

Pale sebuleni kwa Fawaz maneno mengine yalinijia, mazuri, yamepangika kabisa. Mwambie Nuha nimemridhia. Mwambie nilikula mapishi ya mkono wake miaka yote hii na yalikuwa matamu. Mwambie asilie. Yalikuwa yanafanana naye Hajati. Ningeyasema, chumba kizima kingesema amina, Fawaz angenikumbatia, Haji angesimulia habari hii mpaka mwisho wa maisha yake, na Nuha angelala na maneno hayo kila siku chini ya mto. Nani angeumia? Mtu mmoja tu, na huyo ameshazoea.

Na upande mwingine kulikuwa na maneno machache tu. Sikusikia, kwani nilikuwa nasuuza gari.

Kikombe kilikuwa bado kinatoa moshi.

"Rajai," akasema Nuha.

Alikuwa hajaniita hivyo tangu mwaka wetu wa kwanza, kabla hatujaanza kuhesabu miaka bila Ghaith.

"Mama alisemaje?"

Nikainua macho. Chini ya mlango, pale penye uwazi wa vidole viwili, niliona ncha za ndara zake zimesogea mpaka kwenye ubao. Zile za bluu, nilizomnunulia mimi. Alikuwa ameweka sikio mlangoni.

"Hajati alisema," nikaanza.